Alhamisi ya Chepkirui

Benchi letu liko kando ya kituo cha majani ya chai, pale barabara ya kutoka Chepilat inapopinda kuelekea kiwandani. Ni ubao mmoja mrefu uliopigiliwa juu ya magogo mawili, na katikati umelegea kwa sababu Meja hukaa katikati. Ukimaliza kuchuma unaleta gunia lako, unaliweka kwenye foleni, halafu unakuja kukaa hapa kungoja karani apime, na baada ya karani unangoja lori, na lori la kiwanda chetu huja linapojisikia. Kwa hivyo tunaongea. Mama Elmina anatuuzia chai kutoka kwenye birika lake jeusi, tamu mpaka meno yanashtuka, na sisi tunaojisifu kwamba majani yetu yananywewa Uingereza tunakunywa lile vumbi linalobaki chini ya mashine. Mimi wananiita Katibu kwa sababu ndimi mwandishi wa kamati ya kituo. Napenda mambo yaandikwe na sipendi kukatizwa, na benchi hili halijawahi kuniheshimu katika hayo mawili. Siku ninayoisimulia ilikuwa Jumatano ya mwezi wa pili, mwaka wa tisini na tatu, saa tisa alasiri, mawingu yameanza kukusanyika upande wa Nyamira.

Kipsang alikuja na magunia yake mawili, akayapanga, akaja akakaa bila kusalimia. Kipsang si mtu wa maneno mengi, lakini salamu huwa hasahau. Elmina akampa chai. Akaishika tu, mpaka ikafanya ngozi juu.

— Baba Chepkirui, hiyo chai inakufia mkononi, — Elmina akamwambia.

— Kesho nampeleka Chepkirui hospitali.

— Ni malaria?

— Si malaria. Ni yule daktari wa kuongea.

Habari ya ile barua ya shule tuliijua sote. Mwalimu mkuu alikuwa ameandika kwamba Chepkirui binti Kipsang, miaka minane, darasa la pili, ameuma wenzake watatu tangu mwezi wa tano mwaka jana, wa mwisho mpaka damu. Harudi darasani mpaka aonwe na yule mama wa hospitali ya misheni anayeshughulikia watoto wenye shida za akilini na tabia, anayekuja Alhamisi moja kwa mwezi. Asipoonwa, baba amtafutie shule nyingine. Shule nyingine iliyo karibu iko ng'ambo ya mto, na mvua ikinyesha mto huo hauvukiki hata na mtu mzima.

— Huyo daktari hana sindano, — Kipsang akasema. — Muuguzi wa dispensari ameniambia. Ako na viti vidogo, na karatasi, na rangi. Anaongea na mtoto pole pole. Lakini muuguzi amesema nimtayarishe. Nimwambie mapema tunaenda wapi na kwa nini. Sasa ndio nauliza nyinyi. Nimwambie nini?

— Mama yake anasema nini? — Elmina akauliza.

— Rebeccah amemfulia yunifomu, amemchemshia mayai ya kubeba njiani. Lakini kumwambia amekataa kabisa. Anasema hiyo ni kazi yangu.

— Kwa nini ni yako?

Kipsang akaondoa ile ngozi ya chai kwa kidole.

Wa kwanza kujitolea alikuwa Meja. Jina lake ni Nicholas. Alikaa jeshini miaka kumi na miwili akipikia askari maharagwe, na bunduki aliyoishika ilikuwa mwiko, lakini ukimsikiliza utadhani ndiye aliyekuwa akitoa amri.

— Hakuna kumwambia kitu, — Meja akasema. — Saa kumi na moja asubuhi, amka, oga, viatu, toka. Sisi tukipelekwa Garissa, nani alituambia tunaenda Garissa? Tuliona tu miti imeisha.

— Na mtoto akiuliza njiani? — Elmina akamwuliza.

— Askari haulizi.

— Ako na miaka nane, Nicholas.

— Hata mimi nilikuwa kijana.

Elmina akatikisa kichwa, akaja na lake. Yeye ni mjane aliyelea watoto sita peke yake, na kila mmoja alimlea kwa hila tofauti.

— Mimi ningemwambia tunaenda Sotik kununua viatu. Tukishuka, nasema, ngoja nisalimie mtu hapa hospitali kidogo. Anajikuta ndani.

— Akijua nimemdanganya?

— Si ndio unampatia viatu.

— Hapana, — Kipsang akasema. — Uongo tena, hapana.

Hilo neno lilipita na hakuna aliyelishika isipokuwa mimi. Mimi nilijifanya naangalia foleni ya magunia.

Sasa akaingia Dakitari. Huyu ni Kipchirchir, ambaye kazi yake ni kupandisha ng'ombe kwa mirija ya mbegu, anatembea boma kwa boma na mkebe wake wa baridi na gambuti zake ndefu. Hakusomea binadamu, lakini hilo halijawahi kumzuia.

— Nyinyi wote hamjui kitu, — Dakitari akasema. — Ng'ombe ambayo haijawahi kuona krashi, ile njia ya mbao ya kuibana, ukiipeleka mara ya kwanza na ukaidunga, inavunja mbao. Lakini ukiipitisha hapo ndani siku tatu, bila kuigusa, siku ya nne inaingia yenyewe, na unaweza kuifanya unachotaka. Mtoto ni hivyo hivyo. Tengeneza chumba cha daktari kwako nyumbani. Meza, kiti, mtu amevaa nyeupe.

— Nani atavaa nyeupe?

— Mimi niko na koti.

— Koti lako linanuka mavi ya ng'ombe, — Elmina akasema.

— Si amezaliwa kwa ng'ombe?

— Na ni kesho, Dakitari, — Kipsang akamkumbusha. — Siku tatu nitatoa wapi?

— Basi tumpitishe mara tatu leo jioni.

Meja akacheka mpaka benchi likalia. Lakini alipomaliza kucheka akawa mtu wa wasiwasi, akamsogelea Kipsang.

— Mimi ile karatasi ndio siipendi. Nimesikia ni mtego. Wanampa mtoto achore nyumba. Akisahau mlango, wanaandika hataki kutoka. Akichora milango miwili, wanaandika anataka kutoroka.

— Na akichora mlango mmoja?

— Hapo sasa wanaangalia dirisha.

— Hiyo ya karatasi ni ya zamani, — Dakitari akasema. — Nairobi wanafunga nyaya kichwani, mawazo yanatokea kwa kioo kama televisheni. Wanaona kila kitu umewaza tangu Jumatatu. Kuna mtu wa Mulot alifungwa hivyo, wakaona ng'ombe wa jirani wote, na rangi zao, wakamuuliza ni wa nini.

— Nani alikuambia?

— Huyo jirani.

Mimi nilikuwa nimevumilia vya kutosha. Sipendi mambo kwenda ovyo. Na nitasema kitu ambacho katibu wa kituo hapaswi kusema: hapa kwetu kila mtu anajua kupakia gunia. Majani magumu, yale uliyochuma kwa haraka, yanakaa chini. Juu unaweka majani mawili na chipukizi, laini, yanayong'aa, ili mkono wa karani ukiingia ukutane na mema. Sote tunafanya hivyo. Nimefanya hivyo tangu michai yangu ianze kuchumwa, na siku ile nilikuwa na gunia la namna hiyo hiyo kwenye foleni. Kwa hivyo wazo langu lilinijia bila shida.

— Wazee, hii ni intaviu, — nikasema. — Huwezi kumpeleka mtoto mbele ya daktari hivi hivi, aone makosa yote. Tuandike maswali na tuandike majibu. Chepkirui ajifunze usiku huu. Kesho anasalimia vizuri, anajibu vizuri, daktari anaandika hana shida, barua inarudi kwa mwalimu mkuu. Kwisha.

Nikatoa kitabu changu. Hapo benchi zima likawa upande wangu, na hilo si jambo la kila siku. Tuliandika: Jina lako nani? Unapenda shule? Ndiyo, daktari. Unapenda wenzako? Wote, daktari. Je, unauma? Hapana, sijawahi. Dakitari akataka tuongeze asante ya Kiingereza mwishoni, tukaongeza.

Lakini Meja mpango ukimnogea huwa hajui mahali pa kusimama.

— Na kwa nini tumsumbue mtoto na majibu? — akasema. — Kwa Kipchoge hapo juu kuna kale kasichana, Faith. Miaka ni hiyo hiyo. Hana neno na mtu, anaimba kanisani, anakaa ukimkalisha. Kadi ya hospitali iwe ya Chepkirui, mtoto awe Faith. Daktari anamuuliza, anaimba, anachora mlango mmoja. Wanaandika amepona.

Nasema ukweli, hatukucheka. Kwa kitambo tulikaa tukilitazama wazo hilo na tukaliona ni zuri.

— Na Chepkirui? — Elmina akauliza.

— Anarudi darasani na barua.

— Anarudi na meno yake, — Elmina akasema, na akageuka kukoroga birika. — Mko wazee wanne na hakuna hata mmoja amesema huyu mtoto ana nini.

Kipsang akaweka kikombe chini.

— Katibu, hayo maswali yako, — akasema. — Niulize mimi. Nataka nijue yatamkalia vipi. Mimi nitakuwa Chepkirui.

Basi tukafanya. Meja akawa daktari kwa sababu ana kitambi. Akageuza kikapu, akakikalia, akavuka miguu. Kipsang akakaa mbele yake kwenye ncha ya benchi, mikono katikati ya magoti. Mtu mzima wa miaka arobaini na moja, kofia ya sufu kichwani, na bado matope ya shambani kwenye gambuti. Mimi nikashika kitabu, nikamnong'oneza Meja maswali.

— Jina lako?

— Chepkirui.

— Uko darasa gani?

— La pili.

— Unapenda shule?

Kipsang akainamisha kidevu. Ndivyo anavyofanya yule mtoto, anaingiza kidevu kwenye kola ya sweta.

— Nilipenda nikiwa na Adongo.

— Hiyo sio jibu, — nikasema. — Tumeandika, ndiyo, daktari.

— Nyamaza, Katibu, — Elmina akaniambia.

Meja akaniangalia, akaangalia Kipsang, akaacha maswali yangu.

— Kwa nini unauma wenzako?

— Wanakaa mahali pa Adongo.

Sasa hapa lazima nieleze, kwa sababu sisi pale benchini hatukuhitaji kuelezwa. Adongo ni binti wa Okoth. Okoth alikuwa mtu wa boila kiwandani, mchochea kuni, ametoka upande wa ziwa, na alikaa kwenye nyumba za kiwanda miaka kumi na moja. Zamu yake ikiisha saa nane alikuja hapa moja kwa moja, macho mekundu kwa moshi wa kuni, akaagiza vikombe viwili kwa mpigo. Adongo na Chepkirui walizaliwa mwezi mmoja. Waliingia darasa la kwanza siku moja, wakakaa dawati moja, na kila Jumapili Apiyo, mke wa Okoth, aliwasuka wote wawili mmoja baada ya mwingine kwenye ngazi ya mlango wake. Chepkirui alirudi nyumbani akinuka omena, wale dagaa wa ziwani, na Rebeccah akamtuma kuoga, kwa maana kwao samaki hawali kabisa. Halafu Kipsang mwenyewe akaanza kunuka omena. Okoth alikuwa amemwonjesha nyuma ya boila. Tulimcheka Kipsang mwezi mzima, na Okoth alicheka kuliko sote, kicheko kimoja kikubwa cha kufuta machozi kwa mkono wa shati.

Mwezi wa tatu mwaka wa tisini na mbili vurugu ikaingia mpakani, kati ya kabila letu na watu wa ziwa. Nyumba zilichomwa, za upande huu na za upande ule, na watu wa ziwa waliokuwa kiwandani wakaanza kuondoka. Hakuna mtu wa benchi hili aliyewaambia waondoke. Hakuna pia aliyewaambia wabaki. Asubuhi moja lori la majani likabeba magodoro yao badala ya majani, na Okoth akapanda na mkewe na watoto.

Meja alikuwa bado kwenye kikapu chake.

— Adongo alienda, — akasema, na sauti yake haikuwa ya daktari wala ya jeshi.

— Anarudi shule ikifunguliwa, — Kipsang akasema, kidevu bado kwenye kola. — Mimi namtunzia nafasi. Mwezi wa tano nilifagia upande wake, nikakata rubber yangu ya kufutia vipande viwili, nikamwekea nusu. Hakuja. Mwalimu akaweka mtu mwingine hapo. Mwezi wa tisa nikafagia tena. Mwezi wa kwanza tuliingia darasa la pili, dawati ni lingine, nikafika mapema kabla ya wote nishike nafasi mbili. Wakaniwekea msichana mwingine. Nilimwambia hapa pana mtu. Akakaa.

Elmina alikuwa amesimama na birika mkononi.

Ni wakati huo ndipo karani alikuja kuketi. Janeffer alikuwa mgeni kwetu, hata mwezi hajamaliza, msichana wa miaka ishirini na kitu kutoka upande wa Bomet. Hatukuwa tumempenda. Badala ya kugusa juu ya gunia na kuandika, yeye anaingiza mkono mpaka bega, anatoa majani ya chini kabisa, anayatazama kwenye mwanga. Gunia langu lilikuwa limeshakataliwa mara mbili wiki ile. Alikuwa amemaliza foleni, lori bado, akaomba chai, akakaa pembeni akijifuta utomvu kwenye vidole. Sijui alikuwa amesikia kuanzia wapi, lakini alikuwa amesikia ya kutosha.

— Samahani wazee, — Janeffer akasema. — Mnisamehe nikiingilia. Huyo mtoto, nani alimwambia rafiki yake atarudi shule ikifunguliwa?

Dakitari akaanza kukagua gambuti zake. Elmina akamimina chai kwenye kikombe kilichokuwa kimejaa, ikamwagika chini, akaacha kumimina. Meja akanitazama mimi.

Mimi nilijua. Asubuhi ile ya lori nilikuwepo. Nilikwenda na kitabu changu kwa sababu nilidhani panapotokea jambo ni lazima mtu aandike, na nikafika pale nikaona sina la kuandika. Chepkirui alikuwa ameshika kamba iliyofunga magodoro. Lori lilikuwa limeshawashwa. Kipsang alimbandua vidole kimoja kimoja, akamchuchumalia, akamwambia, usilie lakwet, mtoto wangu, Adongo ameenda kwa nyanya yake, shule ikifunguliwa atarudi, wewe mtunzie nafasi. Mtoto akageuka akaniangalia mimi, kwa sababu watoto wa hapa wanajua kwamba Katibu akiandika, jambo limeandikwa. Nami nikafungua kitabu mbele yake nikaandika: Adongo, mwezi wa tano. Nikamwonyesha. Akaacha kulia, akarudi nyumbani akitembea mwenyewe.

Niliona haya pale benchini mpaka nikafunga kile kitabu na maswali yake yote.

— Ni mimi, — Kipsang akasema.

Alikuwa ameinua kidevu. Alikuwa baba tena.

— Ni mimi nilimwambia. Nilimwambia atunze hiyo nafasi. Sasa karibu mwaka mzima nampiga, mwalimu anampiga, mama yake amechoka kunitazama. Na mtoto anafanya tu kazi niliyompatia.

— Kwa nini ulimwambia hivyo? — Elmina akauliza, na hakuuliza kwa ukali.

— Alikuwa analia.

Tukadhani amemaliza.

— Na mimi nilitaka iwe hivyo, — akasema. — Nilitaka mwezi wa tano ufike, niteremke na magunia yangu, nimkute Okoth amekaa hapa anakunywa vikombe viwili. Nilisema kwa mtoto lakini nilikuwa najiambia mimi. Bado napita nyumba za kiwanda nikitoka shambani. Kuna watu wengine wanakaa kwa nyumba yake. Wamepaka mlango rangi. Nasimama hapo kama mjinga.

— Tungewaambia wabaki, — Meja akasema.

— Nyumba zilikuwa zinachomwa, Nicholas, — Dakitari akamjibu. — Ungewalinda na nini, mwiko?

— Sijasema ingesaidia. Nimesema tungewaambia.

Dakitari ndiye aliyekuwa mpinzani wa Okoth kwa drafti, michezo mingi sana, na tangu lile lori sijamwona akigusa kete.

Nilimgeukia yule karani. Nilitaka aseme jambo la kutusaidia, au atulaumu, lolote.

— Madam, wewe umesoma, — nikamwambia. — Sasa mzee amwambie nini mtoto?

— Mimi ni karani wa majani, Katibu, — Janeffer akasema. — Hiyo mimi sijui.

Lori likapiga honi kule kwenye kona. Watu wakainuka, wakaanza kuvuta magunia, Janeffer akaacha chai yake nusu akaenda kuhesabu magunia yakipakiwa. Kipsang naye akainuka, lakini hakuelekea kwenye magunia. Aliweka sawa kofia yake.

— Katibu, nisimamie hayo mawili yangu. Mimi napanda nyumbani.

— Sasa hivi? Mvua hiyo.

— Sasa hivi. Nataka nimwambie kukiwa na mwanga. Nikimwambia usiku hatalala, na kesho nataka aende akiwa amelala.

— Utamwambia nini? — Meja akauliza.

Kipsang alifikiri kwanza. Alikuwa mtu anayejaribu maneno mdomoni kabla ya kuyatoa.

— Nitamwambia Adongo hayuko kwa nyanya yake, au pengine yuko, mimi sijui aliko. Nitamwambia walienda kwa sababu ya sisi watu wazima, si kwa sababu yake, wala Adongo hakumwacha. Nitamwambia hiyo kazi ya nafasi nimemtoa. Halafu nitamwambia kesho kuna mama mmoja ako na viti vidogo, na atamuuliza habari ya Adongo, na anaweza kusema yote. Hata yangu. Hata kwamba nilimpiga. Nitakaa nje ya mlango, akiniita naingia.

— Hayo ndiyo umwambie, — Elmina akasema.

— Na mwambie Katibu pia aliandika uongo, — nikasema mimi. Sikuwa nimepanga kusema.

Kipsang akanitazama kwa muda, bila hasira.

— Hiyo utamwambia wewe. Kesho saa moja asubuhi tunapita hapa. Yeye bado anauliza kama kile kitabu kimepotea.

Nikakubali kwa kichwa. Akaanza kupanda njia ya katikati ya michai, na matone ya kwanza yalikuwa yameshaanza kupiga mabati ya kituo. Elmina alimfuata hatua chache, akasimama na birika lake chini ya mvua.

— Baba Chepkirui. Na akikuuliza kama watarudi?

Kipsang akasimama.

— Nitamwambia sijui, — akasema. — Nitamwambia hata mimi namngoja baba yake Adongo.